Kabla Hujaagiza Ile Mazda ya Rotari: Bili Yake Imeshazunguka Dunia

Leo tunaongelea ndinga, ila sio zile stori za staa fulani kavuta mkoko mpya. Mastaa tuwape likizo. Na wengine, tuseme ukweli, ule mkoko wa kwenye video ni wa kukodi kwa saa, jioni unarudi kwa mwenyewe. Simtaji mtu.

Kuna swali linaniingia inbox kila mara, karibu kwa maneno yaleyale. "Kaka, nimeona Mazda RX-8 kwenye mtandao wa magari ya Japan. Kilomita chache, rangi nyekundu, milango ya nyuma inafunguka kinyume kama kabati la nguo. Bei haitishi kabisa. Nichukue?"

Mara nyingi anayeuliza hivyo sio tajiri. Tajiri haulizi, ananunua. Anayeuliza ni kijana aliyecheza kikoba miaka miwili, au kachukua mkopo kazini, au kauza kiwanja alichoachiwa na marehemu mzee. Hela ya namna hiyo ikipotea hairudi mwaka huu wala mwakani. Kwa hiyo sitaki kumjibu kwa emoji. Nataka nimpe historia ya hiyo injini, maana injini ya rotari ina tabia moja tangu izaliwe: kila ilikopita iliacha bili, na kila mara kuna mtu aliilipa. Ukiijua safari ya hiyo bili, utajua kwa nini leo gari inauzwa kwa bei isiyotisha.

Tuanzie Ujerumani. Kulikuwa na jamaa anaitwa Felix Wankel, kazaliwa 1902. Chuo kikuu hakusoma, ufundi alijifunza mwenyewe, na inasemekana maisha yake yote hakuwahi kuwa na leseni ya udereva kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Mimi niliyeishia sekondari namuelewa sana huyu mzee. Mwaka 1929 alipata hataza yake ya kwanza ya injini inayozunguka, na ikachukua miaka mingi mpaka 1957, injini ya majaribio ikawaka kwenye kampuni ya NSU, waliokuwa wanajulikana zaidi kwa pikipiki.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu shida zote zinatokea hapa. Injini ya kawaida, mfano ya IST, ina pistoni zinazopanda na kushuka. Kila pistoni ikifika juu inasimama kidogo, inageuza, inashuka. Rotari haina pistoni wala valvu. Ndani kuna chuma cha pembe tatu, kama sambusa iliyovimba tumbo, kinazunguka ndani ya chumba chenye umbo la namba 8 iliyonenepa kiunoni. Sambusa ikizunguka, upande mmoja unavuta hewa na mafuta, mwingine unabana, mwingine unatoa moshi, yote kwa pamoja. Hakuna kupanda na kushuka, kwa hiyo hakuna mtetemo. Injini inakuwa ndogo, nyepesi, laini, na inapenda resi kubwa kupita kiasi.

Sasa kwenye kila ncha ya sambusa kuna sili, kipande chembamba cha kuziba ili moto wa upande mmoja usivujie upande wa pili. Hiyo sili inasugua ukuta wa chumba muda wote injini inapowaka. Haina pa kupumzika. Inatakiwa ibane vizuri, isikwaruze ukuta, isivunjike, na istahimili moto. Ili isikauke, injini yenyewe inanyunyizia oili kidogo humo ndani, na oili hiyo inaungua pamoja na petroli. Kwa hiyo ukisikia rotari inakula oili, usishtuke, imeumbwa hivyo. Wale mliokulia pwani mnaijua hesabu hii kutoka kwenye zile mashine za boti za kuchanganya oili na petroli.

NSU walikuwa wa kwanza kuiuza kwenye gari, 1964. Halafu 1967 wakatoa sedani ya kifahari inaitwa Ro 80. Wadau, itafuteni picha. Gari ya 1967 lakini ukiiona unaweza kudhani ni ya miaka ya themanini na kitu. Ikapewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya kwa 1968. Wenye hela wakagombania.

Halafu sili zikaanza kuisha. Kuna injini zilikufa kabla ya kilomita 50,000. NSU, kwa uungwana, wakawa wanabadilisha injini nzima kwenye garantii, bila ubishi mwingi. Kuna wateja walibadilishiwa zaidi ya mara moja. Inasimuliwa kwamba wenye Ro 80 wakipishana barabarani walikuwa hawapungiani mkono, wanaoneshana vidole: viwili, vitatu, vinne, idadi ya injini ambayo kila mmoja ameshapitia. Majina yao hayajulikani, ila mimi nawaona kabisa, wazee wa suti na miwani, wanaonesha vidole huku wanacheka, kwa sababu aliyekuwa analipa sio wao.

Aliyekuwa analipa ni NSU, na kampuni ilikuwa ndogo. Mwaka 1969 ikamezwa na Volkswagen na kuunganishwa na Auto Union, ile ambayo leo tunaiita Audi. Ro 80 ikaendelea kutengenezwa mpaka 1977, jumla kama 37,000 hivi, na ilipokufa jina la NSU kwenye magari likafa nalo. Kiwanda chao cha Neckarsulm bado kipo. Kinatengeneza Audi.

Hiyo ndiyo bili ya kwanza.

Ya pili ililipwa Ufaransa. Citroën walitoa gari yao ya rotari, GS Birotor, mwezi wa kumi 1973. Wadau wa historia mmeshacheka. Mwezi huohuo Waarabu walibana mafuta na bei ya petroli ikapaa dunia nzima. Gari mpya, ya bei ghali, inayokunywa wese, sokoni mwezi huohuo. Ziliuzwa 847 tu. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipende hii stori: Citroën waliwafuata wateja wakazinunua tena zile gari, wakaziponda. Yaani kampuni iliona ni nafuu kurudisha hela ya mtu kuliko kuja kumtafutia spea miaka 20. Kuna wachache waligoma kuuza, na gari zao leo ni lulu.

Marekani General Motors nao walikuwa wamekubali kulipa dola milioni 50 kwa ajili ya leseni ya hiyo injini. Mwaka 1974 wakaiweka kabatini bila kuuza gari hata moja. Kampuni nyingine ya kulekule, AMC, ilikuwa imeshachora gari mahususi kwa kutegemea injini ya GM, ikabidi waingize injini kubwa ya kawaida kwenye kiboksi ambacho hakikuchorwa kwa ajili yake. Hao tuwaache.

Sasa tuje kwa wale waliogoma kukimbia.

Mazda ya miaka ya sitini sio hii mnayoijua. Ilikuwa kampuni ya Hiroshima, jina rasmi Toyo Kogyo, maarufu kwa vigari vya mizigo vya matairi matatu, bajaji za kubebea mzigo ukipenda. Serikali ya Japan ilikuwa inataka watengenezaji wadogo waunganishwe na wakubwa. Rais wa kampuni, Tsuneji Matsuda, hakutaka kumezwa, akatafuta kitu ambacho mwingine hana. Mwaka 1961 akasaini mkataba na NSU. Akamkabidhi kazi mhandisi Kenichi Yamamoto na timu yake ya watu 47, wakabatizwa jina la wale samurai 47 wa hadithi za Kijapani waliolipiza kisasi cha bwana wao.

Injini za kwanza walipozifungua baada ya majaribio, walikuta kuta za chumba zimechanwachanwa mistari, kama ngozi iliyokwaruzwa na mnyama. Wakaiita makucha ya shetani. Sili ilikuwa inatetemeka kwenye ukuta badala ya kuteleza. Wakajaribu kila kitu. Stori ya kampuni inasema walijaribu mpaka mifupa ya wanyama. Mwisho wakapata sili ya kaboni iliyochanganywa na alumini, na Mei 1967 wakaingiza sokoni Cosmo Sport, gari nyeupe ya chini kama chombo cha anga. Mwaka uliofuata wakapeleka mbili Ujerumani kwenye mashindano ya saa 84 mfululizo pale Nürburgring. Moja ilikufa njiani, nyingine ikamaliza ya nne. Saa 84, yaani siku tatu na nusu bila kuzima.

Kwa hiyo msije mkaniambia hii injini ni takataka. Haijawahi kuwa takataka. Ni injini inayotaka watu 47 wasiolala.

Kisha 1973 ikawafikia na wao. Mazda walikuwa wameshaingiza rotari karibu kwenye kila kitu, mpaka pikapu. Marekani serikali ikatangaza jinsi zinavyokunywa mafuta, watu wakazikimbia. Magari yakajaa kwenye yadi. Kampuni ikachukua maelfu ya wafanyakazi wa kiwandani, mafundi waliozoea kushika spana, ikawapeleka kuuza magari nyumba kwa nyumba. Fikiria wewe ni mchomeleaji, leo unaambiwa vaa tai, kagonge hodi kwa watu. Benki ya Sumitomo ikaingia kuokoa jahazi, na 1979 Ford wakachukua karibu robo ya hisa. Matsuda alianza safari ili asimezwe, na familia yake ikaishia kupoteza usukani wa kampuni. Hiyo nayo iandikeni kwenye bili.

Ila Wajapani walikuwa wameshaapa. Wakafanyia kazi ulaji wa mafuta, wakaupunguza kwa kama asilimia 40, na 1978 wakatoa RX-7. Hapo walipatia, kwa sababu waliacha kuilazimisha rotari iwe gari ya familia. Waliiweka pale inapostahili, kwenye gari nyepesi ya michezo, ya watu wawili, kwa bei ambayo kijana wa Marekani mwenye kazi ya kawaida aliiweza. Mpaka zinasitishwa 2002 zilitengenezwa zaidi ya 800,000.

Na hapa ndipo wengi wenu mlipoingia kwenye mapenzi. RX-7 ya mwisho, ile ya 1991 mpaka 2002, ndiyo nyekundu ya Dom kwenye Fast & Furious ya kwanza, 2001. Ndiyo ile ya rangi ya chungwa na nyeusi ya Han kwenye Tokyo Drift ya 2006. Tulikuwa tunaziangalia kwenye vibanda vya video, sauti ya DJ inaingiliana na sauti ya injini, na bado ile gari tuliielewa. Kuna mtu hapa alichora hiyo gari nyuma ya daftari la hisabati. Simtaji.

Ambacho filamu haikuonesha ni chini ya boneti. RX-7 hiyo ina turbo mbili zinazopokezana kazi: moja inaanza resi ndogo, ya pili inaingia juu. Kuzipanga zipokezane vizuri kulihitaji msitu wa vipaipu vyembamba vya mpira, na mpira ukikaa na joto la rotari unakauka na kupasuka. Kimoja kikivuja, nguvu inapotea, na fundi anaanza kutafuta sindano kwenye nyasi. Marekani waliacha kuiuza baada ya 1995. Kwao ilikuwa ghali kununua na ghali kuishi nayo.

Lakini kabla hatujafika kwenye RX-8, lazima niwape Le Mans, nisipowapa nitakuwa nimewaonea Wajapani. Juni 1991, mashindano ya saa 24 Ufaransa. Mazda wanaleta 787B, namba 55, rangi ya chungwa na kijani, injini ya rota nne yenye nguvu farasi kama 700. Madereva watatu: Johnny Herbert, Volker Weidler, Bertrand Gachot. Mercedes na Jaguar ndio waliokuwa wanapigiwa debe. Mazda walikuwa wamepambana kwenye vikao mpaka wakaruhusiwa kukimbia na gari ya kilo 830 wakati wakubwa wamefungwa kwenye kilo 1,000. Mchezo unachezwa na nje ya uwanja, mnajua wenyewe. Mercedes ikafa ikiwa inaongoza, Mazda ikapita, haikushikika. Mzunguko wa 362, bendera ikashuka, Japan ikawa na ushindi wake wa kwanza Le Mans. Herbert alikuwa ameishiwa maji mwilini kiasi kwamba alianguka, hakupanda hata jukwaani. Injini ilipofunguliwa baadaye ilikutwa bado nzima.

Mtaani utasikia rotari ilipigwa marufuku kwa wivu kwa sababu ilishinda. Hapana. Sheria ya kwenda kwenye injini za lita 3.5 ilikuwa imeshapangwa kabla ya ushindi. Stori ya wivu ni tamu, ila sio kweli.

Angalieni lakini nani alikuwa anaihudumia ile injini. Mafundi wa kiwandani, oili mpya, sili mpya, mtu anaangalia joto kila sekunde. Hiyo ndiyo rotari kwenye mazingira yake.

Sasa tumefika kwenye gari yako. RX-8 ilitoka 2003. Injini yake mpya iliitwa Renesis, ikachukua tuzo ya injini bora ya mwaka duniani mwaka huohuo. Haina turbo. Ina watu wanne, ina ile milango ya kabati, gia sita, na yenye nguvu zaidi inapiga resi mpaka mizunguko 9,000. Raha yake ni ya kweli. Aliyewahi kukalia usukani wake haongei vibaya kuhusu kona.

Lakini bili ikarudi. Marekani malalamiko ya injini kupoteza kompresheni yalikuwa mengi kiasi kwamba Mazda waliongeza garantii ya kiini cha injini kwa gari za 2004 mpaka 2008, ikawa miaka 8 au maili 100,000, sawa na kilomita kama 160,000. Kampuni haiongezi garantii kwa ajili ya kukufurahisha. Ulaya mauzo yaliisha 2010 kwa sababu injini haikuweza kufikia masharti mapya ya moshi. Japan ikafungwa kabisa 2012. Zilitengenezwa zaidi ya 190,000.

Fuateni hesabu vizuri hapa. RX-8 ya mwisho kabisa ina zaidi ya miaka 10. Garantii imekufa popote ilipokuwa. Kule Japan gari inapimwa na serikali kila baada ya miaka miwili, upimaji una gharama, na ikizidi miaka 13 kodi yake inapanda. Mwenye gari anajua inawaka kwa shida ikiwa ya moto, anajua lini alibadilisha koili, anajua inakula oili kiasi gani. Anapiga hesabu, anaipeleka mnadani. Wewe Sinza unaona picha 20 safi, imeoshwa, kiti hakijachanika. NSU walilipa, Citroën walilipa, benki ya Mazda ililipa, kampuni ililipa Marekani. Mjapani wa mwisho kaamua yeye halipi. Kwenye ule mstari anayefuata ni nani?

Na karatasi inadanganya kidogo. Tangazo litasema cc 1,300. Rota mbili, kila moja cc 654, jumla 1,308. IST yako ina 1,298. Ukiangalia namba hizo tu utadhani ni ndugu. Wajapani wenyewe hawakubali huo uongo: kwenye kodi yao ya magari, ukubwa wa rotari wanauzidisha mara moja na nusu, inakuwa kama gari ya karibu cc 2,000. Na kwenye foleni ya mjini inakunywa kama kubwa zaidi ya hapo. Vipimo vya serikali ya Marekani vinaiweka kwenye takriban kilomita 7 kwa lita mjini, na Marekani "mjini" haimaanishi Ubungo saa kumi na mbili jioni. Juu yake weka ushuru wa uchakavu ambao TRA wanatoza gari kuukuu, maana hakuna RX-8 changa tena. Wenzetu Kenya hawana hata haja ya kuumiza kichwa, sheria yao hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8.

Maisha ya kila siku nayo. Rotari haipendi safari fupi. Ukiiwasha asubuhi, ukaisogeza kumpisha jirani atoe gari, ukazima, petroli inabaki imejaa humo ndani na inaweza kugoma kuwaka tena. Kwetu nyumba za kupanga, gari nne kwenye uwanja mmoja, hiyo ni kila siku. Haipendi kuendeshwa kwa upole muda wote, masizi yanajaa kwenye sili, inataka ipigwe resi mpaka juu mara kwa mara, ikiwa imeshapata moto. Haipendi joto la kupitiliza hata dakika chache. Rejeta ikichoka wewe endelea tu na foleni ya Morogoro Road uone. Koili na plagi zikichoka, petroli isiyoungua inaenda kuziba na kuchoma ekzosi, joto linarudi kwenye injini. Tatizo dogo linazaa kubwa haraka kuliko kwenye gari yoyote uliyoizoea.

Oili ndiyo inayoua wengi. Kijana wa Kitanzania, na simsemi mtu, anapima oili siku ya sevisi. Kati ya sevisi na sevisi kijiti hakishikwi. Na fundi wa mtaani akiona gari inakula oili anasema injini imechoka, weka nzito. Wote wawili wanaiua kwa nia njema.

Kuna kitu kimoja ukikifanya kabla ya kutoa hela utajiokoa, ni kupima kompresheni kwa kifaa cha rotari. Kile cha injini za kawaida hakifai, kinakuonesha namba moja ya juu kabisa na kuficha nyingine. Rota moja ina pande tatu, rota mbili pande sita, kwa hiyo unataka namba sita kwenye karatasi, zenye afya na zisizopishana sana. Ukiagiza kwa mtandao, muulize muuzaji hizo namba sita. Asipokuwa nazo, nunua kama mtu anayenunua gari ambayo injini yake imeshakufa. Bei ikiendelea kukupendeza hata hivyo, sawa.

Nina jamaa mmoja maeneo ya Mbezi, hapendi kutajwa, anayo RX-8 mwaka wa tano sasa na inanguruma vizuri. Kazini anaenda na Passo. RX-8 inatoka Jumamosi na Jumapili, anaipasha moto kwanza, anaenda nayo barabara ndefu, anaipigisha resi, anarudi, anaiacha ipoe kabla hajaifunika turubai. Oili anapima kila akijaza wese mara ya pili. Ana rejeta mpya, ana koili za akiba kwenye kabati la jikoni, na ana hela ya injini ya pili benki ambayo haiguswi hata kwa ada ya shule. Shemeji yetu anaiita ile gari mke mwenzake. Nilimuuliza jamaa kama angeinunua ingekuwa ndiyo gari yake pekee. Alicheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo mdau wangu wa inbox, kama hela uliyonayo inatosha kununua, kusafirisha na kutoa bandarini tu, na keshokutwa unategemea hiyohiyo ikufikishe kazini, basi acha. Chukua gari ya pistoni. Mjini kuna Altezza na Mark X, zina raha yao na spea zake zimejaa Gerezani. Kama unayo usafiri mwingine, una fundi aliyewahi kufungua rotari kwa mikono yake, na una hela ya injini ya pili imekaa pembeni, mimi nani nikukataze? Nitaomba lifti.

Mazda wenyewe bado hawajaiacha. Mwaka 2023 wameirudisha kwenye MX-30 ya mseto, rota moja ya cc 830. Ila safari hii wameifunga kazi ya jenereta. Inachaji betri, motor ya umeme ndiyo inasukuma gari. Tairi haiigusi kabisa.